Kabla hujaita watu wa baruti kwa boma

Hii ni ya wale wanaanza kujenga nyumbani, hasa kama boma iko pande za Seme, Maseno, Bunyore ama Maragoli huku magharibi mwa Kenya, kule unachimba futi moja tu jembe inaanza kulia. Nimefanya kazi za msingi na mafundi huko miaka kadhaa na kila mara naona mtu akipata jiwe anaulizia baruti siku hiyo hiyo. Pole pole bana, jiwe ujue kwanza ni gani.

Chukua mtarimbo, zunguka pale nyumba itakaa ukidunga kila hatua mbili, weka kijiti kila mahali inagonga. Kisha chimba kando ya jiwe lenyewe. Mawe ya huku mengi ni yale ya mviringo yamekaa tu ndani ya udongo, ukichimba unafikia chini yake, na hilo halihitaji baruti, unalipasua ama unalichimbia shimo nje ya nyumba unalisukuma linazikwa. Lakini ukichimba na hauoni mwisho huo ni mwamba. Gonga na nyundo usikie: likilia kama chuma ni zima, likitoa sauti ya debe tupu kuna ufa mahali, anzia hapo.

Na kama ni mwamba jiulize mbona unautoa. Watu wa Kano, kule tambarare karibu na Kisumu, wanalipa malori kuchimba ule udongo mweusi wapeleke mbali manake unavimba mvua ikinyesha na kiangazi unapasuka na nyumba nayo inapasuka. Wewe uko na msingi wa bure! Fundi atoboe mwamba, atie vyuma na simiti, kisha ajenge msingi wa ngazi ngazi kufuata jiwe. Kusogeza nyumba mita chache pia ni rahisi kuliko baruti, ila kwa dala, yaani boma la Wajaluo, nyumba haikai popote tu, ongea na mzee kabla ya kupiga vigingi. Pale mwamba utakushinda kweli ni shimo la choo, hapo ni kupasua.

Moto wazee wameutumia sana, unawasha kuni juu ya jiwe masaa kadhaa kisha unamwaga maji. Inafanya kazi manake chembe za kwatzi, zile ngumu za kung'aa ndani ya granaiti, hili jiwe la huku, zinavimba ghafla zikifika kama nyuzi 573 za Selsiasi. Lakini vipande vinaruka, simama mbali, na tafadhali usichome matairi, moshi wake utakula mapafu yako na ya watoto wa jirani.

Kuna ile poda ya kuvimba, ni kama chokaa, unatoboa mashimo kwa mstari, unakoroga na maji unamwaga ndani, kesho yake unakuta jiwe limepasuka bila kelele. Hii ndio mimi napenda kama kuna nyumba karibu. Uliza poda ni ya joto gani, Kisumu ikiwaka jua na umepewa ile ya baridi inaweza kutema kutoka kwa shimo, na mtu akiwa ameinama kuchungulia ni macho yanaenda. Funika mashimo, vaa miwani na glavu, usichungulie.

Sasa baruti. Kenya hiyo kitu iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, kununua, kubeba, kuweka na kulipua yote ni vibali, na anayelipua awe na cha kwake. Mtu akikwambia ati anajua kijana wa kwari ako na vijiti vya baruti vimebaki, mfukuze. Anayejua kazi anakuja kwanza mikono mitupu, anaangalia nyumba za karibu, kisima, ng'ombe wanafungwa wapi, anakuuliza maswali mengi mpaka unachoka. Wewe piga picha za nyufa zote kwa kuta za majirani kabla, mkiwa pamoja nao, manake baadaye kila ufa utakuwa wako.

Kuna kazi moja nilikuwa, jamaa hawakufunika jiwe na chochote, kipande kama ngumi kikapita juu ya miti kikaingia mabati ya jikoni ya mama mmoja. Alikuwa ametoka kuteka maji. Tulinunua mabati na hatukulala vizuri siku nyingi. Tangu hapo kama sioni mikeka mizito ama magunia ya mchanga juu ya jiwe, na watu wa kusimamisha njia pande zote, naenda nyumbani.

Na mlipuko ukikosa kusikika, ama zimesikika tatu na mlihesabu nne, hakuna mtu anarudi pale mpaka aliyelipua aseme. Yeye tu. Hata kipande cha waya mtoto asiokote.

Mawe yakitoka usiyagawe kwa furaha. Makubwa ni ya kujaza msingi, madogo wamama wa kokoto watakupondea, na wakiponda wafunge pua na kitambaa chenye maji, hiyo vumbi si ya mchezo.