Usiiache saikolojia kwa ajili ya uhasibu

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kozi ya saikolojia ya kazini uchukue uhasibu wa ziada, maana "biashara ni hesabu". Usiiache.

Hesabu itakuonyesha mauzo yameshuka. Haitakwambia kwa nini muuzaji wako hodari amenuna tangu mwezi jana. Mwaka 1959 ripoti mbili kuhusu vyuo vya biashara vya Marekani, moja ikifadhiliwa na Ford Foundation na nyingine na Carnegie Corporation, ziliona mafunzo yao ni finyu mno, zikahimiza sayansi za tabia, kama saikolojia, ziingie darasani. Herbert Simon, aliyefundisha shule ya biashara kule Pittsburgh, alipata Nobel ya uchumi 1978 kwa kuchunguza watu wanavyoamua mambo ndani ya taasisi. Na hapa kwetu tazama upatu, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu: hakuna mwanasheria, ila mara nyingi watu wanalipa kwa kuogopa aibu.

Sasa, kama mhadhiri wako anakaririsha piramidi ya Maslow, ule mchoro wa ngazi za mahitaji ya binadamu, na kwisha, basi soma ufaulu, halafu kakae dukani kwa mtu uangalie wateja wanavyopatana bei. Uhasibu chukua muhula ujao.