Kabla ya Kuandika Historia ya Redio ya Kanisa, Fungua Kanda

Usharika wetu uliponikabidhi kazi ya kuandika historia ya redio yetu ndogo ya muziki wa Injili, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilianzia kwenye kabati la ofisi. Nilitoa nakala ya leseni, mihtasari ya vikao na picha ya askofu akikata utepe, na baada ya wiki mbili nikawa na rasimu ya kurasa 12. Niliisoma mbele ya wazee wa kanisa. Nilipomaliza, mama mmoja aliyeimba sauti ya kwanza tangu ujana wake aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona sisi tulisikika redioni kabla ya redio hii kuwapo?"

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote aliyepewa kazi kama hii ni kwamba asiihesabu historia ya redio kuanzia siku ya leseni. Tanzania Bara, utangazaji wa redio ulikuwa mikononi mwa serikali, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi na taasisi za dini. Leseni za redio za kanisa kwa hiyo ni za baada ya hapo, ilhali muziki wenyewe una umri mkubwa zaidi. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilizindua mjini Addis Ababa kituo cha Radio Voice of the Gospel, ambacho sisi tulikiita Sauti ya Injili, kikiwa na mitambo miwili ya masafa mafupi yenye nguvu ya kilowati 100 kila mmoja. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia, na kwaya iliyorekodiwa Moshi ikasikika nyumbani kwake ikitokea Addis Ababa. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo hicho, lakini studio ya Moshi haikufungwa, na leo Sauti ya Injili inasikika kwa FM ikirushwa kutoka Moshi penyewe. Kwaya ya mama yule ilikuwa imepita njia hiyo, nami nilikuwa nimeiacha nje ya kurasa zote 12.

Basi tafuta kanda. Sisi tulizikuta stoo, nyuma ya viti vibovu, kanda kubwa za sumaku ndani ya maboksi ya karatasi ngumu, na juu ya boksi moja paliandikwa kwa kalamu ya wino "Kwaya ya Akina Mama, Jumapili", bila mwaka wala jina la mwimbaji hata mmoja. Usiharakishe kuzicheza. Kanda iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu huota ukungu au huanza kunata, na ukiona unga wa kahawia umebaki kwenye kichwa cha mashine, simamisha hapo hapo, kwa kuwa huo unga ndio sauti yenyewe inayobanduka. Fahamu pia kasi iliyotumika: kanda ya mita 360 ikizunguka kwa sentimita 19 kwa sekunde hubeba takriban nusu saa, nayo ikichezwa kwa kasi isiyo yake hubadilisha hata sauti za watu.

Hapa nina uchungu ambao sijaumaliza. Kanda zetu nne tulimpelekea fundi mmoja mjini, akaturudishia faili za MP3 zilizokatwa mwanzo na mwisho ili kuondoa "kelele", na kanda zenyewe alikuwa ameshazitupa. Kelele hizo zilikuwa mwinjilisti akiitambulisha kwaya. Agiza kwa maandishi kwamba hakuna kitakachokatwa, faili ziwe za WAV, ambazo hazibani sauti kama MP3 zinavyofanya, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 au zaidi, na kanda zirudi zote.

Ukisha kuwa na sauti, wapelekee walioimba. Usiwaulize ni mwaka gani, kwa maana mzee akibanwa na swali hilo hukupa mwaka wowote ili akuridhishe. Waulize mchungaji alikuwa nani, kahawa ilikuwa inachumwa au la, nani alikuwa mjamzito. Tulipomchezea mama yule kanda ya Jumapili, mvua ilisikika ikipiga bati nyuma ya beti ya pili, akainua mkono na kusema, "Hapo bado hatujapiga dari." Nilirudi kwenye daftari la mapato na matumizi la usharika, nikakuta michango ya dari na mwaka wake, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba kanda ile haiwezi kuwa ya baada ya mwaka huo. Daftari lile lilikuwa kabatini tangu mwanzo, nami nililipita nikitafuta karatasi zenye neno "redio".

Omba ruhusa kabla ya kurusha hewani, hata kama kanda ni mali ya usharika, maana wengi wa wanaosikika wamekwisha kulala na watoto wao wangependa kuambiwa mapema. Kila familia ipewe nakala. Ya kwanza tulimpa mama yule, aliyekuwa amenitajia waimbaji tisa. Jumapili iliyofuata alinisubiri mlangoni mwa kanisa na kunitajia wengine wawili, mmoja wao dada yake.