Kibali cha king'ora: kabla ya kusaini fomu, ongea na watakaopigiwa simu

Barua ya faini ilinifikia wiki mbili baada ya king'ora cha duka langu kulia usiku, mimi nikiwa nimelala na simu nimeizima. Askari walifika, wakazunguka jengo zima, wakakuta milango imefungwa na vioo vyote vizima. Barua ilinishtaki kwa mambo mawili: kuita polisi bila sababu, na kutumia king'ora kisichosajiliwa, yaani kisicho na kibali. Hilo la pili liliniuma zaidi, maana kwa miezi saba nilikuwa nikiilipa kampuni ya ulinzi nikiamini kila kitu kimekamilika.

Nilidhani fundi akishafunga mitambo, kibali nacho kimeshughulikiwa. Sivyo. Sehemu nyingi zenye utaratibu huu, anayewajibika ni mwenye nyumba au mpangaji anayetumia king'ora. Kampuni inaweza kukusaidia kupeleka fomu, lakini jina kwenye faini ni lako. Kwa hiyo kabla hujawasha mitambo, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya halmashauri au kituo cha polisi, au ufungue tovuti yao rasmi, uulize: je, hapa king'ora kinahitaji kibali, kinatolewa na nani, kinadumu muda gani? Kama kampuni inasema imeshakuombea, itake ikupe namba ya kibali. Bila namba, hesabu kwamba bado huna kibali.

Huenda unajiuliza kwa nini serikali ijiingize kwenye king'ora ulichonunua kwa pesa yako. Mimi pia niliuliza, kwa hasira. Jibu nililipata kwenye mwongozo wa Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu tatizo hili: kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya ving'ora vya wizi ni ya bure, askari anafika na hakuna mwizi. Salt Lake City, mji wa Marekani, iliamua mwaka 2000 kwamba polisi hawaendi kwenye king'ora cha wizi mpaka kwanza mtu afike au aone kwa macho kuwa kuna tatizo. Miji mingi haijafika huko. Inataka kibali ili ijue mitambo ni ya nani, na imtoze anayewaita askari bure mara kwa mara. Kibali chenyewe hakikuhakikishii kwamba askari watawahi kufika. Usikubali kuuziwa ahadi hiyo.

Fomu ni fupi. Anwani, aina ya jengo, aina ya king'ora, jina la kampuni inayokifuatilia kama ipo. Angalia tu kwamba nyumba na biashara mara nyingi zina vibali tofauti, na kila anwani ina chake hata kama mwenye mali ni mmoja. King'ora cha moto aghalabu kina ofisi yake. Namba ya siri ya kuzimia mitambo usimwandikie mtu yeyote kwenye fomu.

Sehemu ya kukalia chini na kufikiri ni ile ya watu ambao kampuni huwapigia simu king'ora kikilia. Wengi tunaandika mke, mume au ndugu kwa haraka tupate kumaliza. Mimi niliiandikia kampuni jina la kaka yangu, ambaye alikuwa amebadilisha namba mwezi mmoja kabla. Usiku ule walinipigia mimi, kimya, wakampigia yeye, namba haipo, wakaita polisi. Siku hizi kampuni nyingi hupiga simu kwa watu wawili kabla ya kuwaita askari, na mtu mmoja tu aliyepokea angetosha kuniokoa. Chagua mtu anayelala na simu imewashwa, anayekaa karibu, mwenye ufunguo, anayejua kuzima king'ora, na aliyekubali kwa kinywa chake kuamshwa saa tisa usiku. Mwombe aje azime mitambo kwa mkono wake mwenyewe mbele yako. Jirani yangu wa duka la pili, mama mtu mzima, alijaribu mara tatu kabla hajazoea kwamba baada ya namba ya siri kuna kitufe kimoja zaidi cha kubonyeza. Afadhali alijua hilo mchana.

Kisha nilitafuta kilichokiliza king'ora. Sensa nyingi za ndani, yaani vifaa vinavyotambua mtu akitembea, huhisi joto linalosogea. Mbele ya ile ya kwangu nilikuwa nimening'iniza bango la karatasi, na mashine ya kupasha joto ilipojiwasha usiku, hewa yake ya moto ililiyumbisha. Nililitoa siku hiyo hiyo. Kagua na vitu vingine: pazia linalopepea, paka, buibui aliyejenga utando juu ya sensa, mlango uliolegea bawaba, betri ya akiba iliyochoka. Hata hivyo, chanzo kikubwa ni sisi watumiaji, hasa mfanyakazi mpya au mgeni ambaye hajafundishwa.

Faini ikikufikia, usiiweke kwenye droo. Soma tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, omba kampuni ikupe kumbukumbu za mitambo za usiku ule, ambatisha risiti ya fundi kama umerekebisha, na uwe mkweli. Baadhi ya miji ya Marekani humsamehe mtu faini ya kwanza akihudhuria somo fupi la matumizi ya king'ora, kwa hiyo uliza kama kwenu kuna nafuu ya namna hiyo. Mimi nilipunguziwa ile ya mwito wa bure, ya kutosajili nikalipa yote.

Namba ya kibali nimeipeleka kwa kampuni kwa maandishi, na nakala nimeibandika ndani ya mlango wa kisanduku cha mitambo, pamoja na tarehe ya kuhuisha. Kila ninapohuisha, nawapigia wale watu wawili nihakikishe namba zao bado zinafanya kazi. Na nilipohamisha duka sikuhama na kibali, kwa sababu kinafuata anwani pamoja na mtu. Niliandika barua ya kukifuta, nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa, ili mpangaji aliyefuata akiliza king'ora pale, barua isije kwa jina langu.