Unayeanza picha za studio, jifunze kivuli kabla hujanunua taa

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi huja na picha moja kwenye simu. Sura hubadilika lakini picha ni ileile: mwanamke wa Hollywood wa miaka ya 1930, nusu ya uso imezama gizani, nywele zinawaka kwa nyuma, macho yanatazama mbali. Swali nalo ni lilelile: "Hii ni filta gani?"

Hakuna filta pale. Kuna taa mbili au tatu, mtu mwenye subira nyuma ya kamera, na mwingine mwenye penseli kwenye chumba cha nyuma. Nimezisoma picha hizi kwa miaka mingi na zimenifundisha kazi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoanza.

Kwanza neno lenyewe, maana picha za aina hii huitwa za glamour. Waingereza waliliokota neno hilo kutoka Uskoti, na kule maana yake ya mwanzo ilikuwa uchawi wa kufunga macho. Sisi tunaita kiinimacho. Ukilitafsiri "urembo" tu unapotea njia, maana mrembo anaweza kukaa mbele yako na picha ikatoka bure kabisa. Kiinimacho hufanywa na mtu, na kina ufundi wake.

Studio kubwa za filamu za wakati ule, MGM, Paramount, Warner Bros. na wenzao, zilikifanya kwa mtindo wa kiwanda. Mwigizaji alifungwa na mkataba wa hadi miaka 7, akakabidhiwa kwa mshonaji, msusi, mpodoaji na mpiga picha. Lucille LeSueur aliingia MGM mwaka 1925 na mwaka uleule akawa Joan Crawford. Margarita Cansino akawa Rita Hayworth, akapakwa rangi nyekundu nywele, akang'olewa vinyweleo vya paji la uso kwa umeme, kimoja kimoja, ili paji lionekane pana zaidi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona vijana wakizitukuza picha hizi bila kujua gharama yake. Mwigizaji Olivia de Havilland ilibidi aishitaki Warner Bros., maana kila aliposimamishwa kazi kwa kukataa filamu, muda ule uliongezwa kwenye mkataba. Mahakama ya rufaa ya California ilimpa haki yake mwaka 1944.

Sasa kazi yenyewe. Jina la kulishika ni George Hurrell, mpiga picha wa waigizaji wa Hollywood. Alianza kama mchoraji, na hilo linaonekana: alipaka mwanga mahali alipoutaka na kuuacha mahali pengine pawe giza. Mwaka 1929 alifuatwa na mwigizaji Norma Shearer, ambaye mumewe Irving Thalberg alikuwa bosi wa utengenezaji wa filamu pale MGM. Mume hakuamini kwamba mkewe anaweza kucheza mwanamke wa mvuto. Shearer akapiga picha kwa Hurrell, mume akaziona, mke akapewa filamu, na filamu ile ikampatia Oscar. Mwaka 1930 Hurrell akaajiriwa MGM. Fikirieni uzito wa jambo hilo: mtu aliyeishi nyumba moja na mkewe alihitaji picha ili amwone.

Hurrell aliiga mikono mirefu ya kuning'inizia maikrofoni, akatundika taa juu ya kichwa cha mtu bila stendi kuonekana. Hapo ndipo nywele zile zinapowakia. Taa nyingine, yenye mwanga mkali uliobanwa, ilishughulikia uso. Na jambo ninalotaka mlishike zaidi ni hili: alipompiga Joan Crawford alimtaka aje na uso ulionawa, midomo na macho tu ndiyo vipakwe. Aliitaka ngozi ing'ae. Madoadoa ya Crawford yalisafishwa baadaye kwa penseli, juu ya negativu (filamu inayochapishiwa picha) ya inchi 8 kwa 10, kazi ya saa nyingi kwa picha moja.

Kwa nini alitaka ngozi ing'ae? Kwa sababu mng'ao ndio unaochora mfupa. Tazama tena picha ile kwenye simu yako. Mfupa wa shavu unauona, lakini si kwa sababu shavu ni jeupe. Unauona kwa sababu kuna mstari wa mng'ao unaopita juu yake, na chini ya mstari kuna kivuli.

Hapa ndipo somo linapogeuka kuwa letu. Somo hili nililipata kwa kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya bibi harusi mmoja mweusi tii, mwenye mashavu ya kuchongwa hasa. Nikampaka poda mpaka uso ukakauka, nikamwekea taa ya duara mbele ya pua, kisha nikapandisha mwanga wa kamera ili "atoke vizuri". Mama yake alipoziona picha hakugomba. Alizipitia moja moja, akanyanyua kichwa, akaniuliza, "Baba, mwanangu umempeleka wapi?" Uso ulikuwa wa kijivu, bapa, kama umepakwa majivu. Swali lile sijalisahau hadi leo.

Ngozi nyeusi huchorwa kwa mng'ao kuliko kwa mwanga wa moja kwa moja. Ukiua mng'ao wote kwa poda, umefuta sura. Ukiweka taa ya duara mbele, umefuta kivuli pia, na hakuna kilichobaki cha kuonyesha mfupa. Kumbuka vilevile kwamba kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kila inachoona, kamera hutaka kukifanya kijivu cha kati. Ukiielekeza kwenye uso mweusi itaupausha, ukiielekeza kwenye shela jeupe italitia uchafu. Pima mwanga unaomwangukia mtu, au ongoza kwa mkono na uangalie kioo cha kamera. Weka kitambaa cheupe au dirisha pana upande mmoja wa mtu, kisha sogeza taratibu mpaka uone ule mstari unateleza juu ya shavu. Mafuta kidogo juu ya mfupa wa shavu yanatosha, poda ibaki kwenye paji la uso na ncha ya pua.

Msidhani vifaa vya zamani vilitutendea haki. Filamu za mwanzo, yaani zile za kutiwa ndani ya kamera, hazikuuona wekundu kabisa: mdomo mwekundu ulitoka mweusi, doa dogo jekundu likawa shimo, macho ya bluu yakapauka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaenea filamu iliyoona rangi zote, na sinema za sauti zikaleta taa za balbu kwa sababu zile za zamani zilivuma. Max Factor, mtengeneza mawigi aliyetoka Poland, akatoa vipodozi vipya mwaka 1928 kufuata mabadiliko hayo. Yote hayo yalipimwa kwa ngozi nyeupe. Lena Horne, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, alipoingia MGM mwaka 1942, alisimulia mwenyewe kwamba walimtengenezea rangi maalumu wakaiita ya Kimisri, kisha rangi ileile ikatumika kuwapaka waigizaji weupe waliopewa nafasi za watu wa rangi. Katika filamu nyingi yeye aliwekwa kuimba peke yake, ili majimbo ya kusini ya Marekani yaweze kukata kipande chake bila kuharibu hadithi. Ukimtazama Horne kwenye filamu hizo, usitazame gauni tu. Tazama alivyosimama kando, hana wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo tunachochota kule ni ufundi. Vipimo vyao viache hukohuko.

Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni la wiki nzima na halina gharama. Balbu moja, kiti kimoja, mtu mmoja mwenye subira, chumba chenye giza. Siku ya kwanza hakuna kamera. Shika taa mkononi, mzunguke, uangalie kivuli cha pua kinakwenda wapi. Taa ikiwa juu na mbele, kivuli hukaa chini ya pua kama kipepeo mdogo na mashavu huingia ndani. Hivyo ndivyo mwigizaji Marlene Dietrich alivyopigwa mara nyingi Paramount, chini ya mwongozaji Josef von Sternberg. Isogeze pembeni, kivuli kitaungana na cha shavu na kuacha pembetatu ya mwanga chini ya jicho. Ishushe chini ya kidevu, mtu anageuka zimwi. Wakikimbilia kamera siku ya kwanza nawarudisha nyumbani, na kwa hilo sina huruma.

Jambo la mwisho nililipata kwa Dietrich huyohuyo. Alijifunza mwanga wake mwenyewe, na aliwekewa kioo kikubwa karibu na kamera ili ajione kabla ya kupigwa. Nami nikanunua kioo, nikakisimamisha kando ya stendi. Bibi mmoja wa makamo aliletwa na wajukuu apigwe picha ya kutundika sebuleni, amekunja uso tangu mlangoni, anasema yeye si mtu wa picha. Nikamkalisha, nikawasha taa ya juu, nikamwambia ajitazame. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaondoa leso begani, akainua kidevu kiasi cha kidole kimoja, kipepeo akatua chini ya pua, na mng'ao ukapita juu ya shavu lake kutoka jichoni mpaka karibu na mdomo. Nikabonyeza mara moja tu.