Mama aliyepata kiharusi ni "bubu"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama yangu alipata kiharusi, anasikia na kuelewa vizuri tu ila maneno hayatoki sawasawa. Majirani wanamwita bubu, inaniuma sana. Ni Kiswahili sahihi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Hapana, sio sahihi, na sizungumzii adabu tu, hata maana yenyewe hapo haipo. Bubu ni mtu asiyesema kabisa, mama anasema, ila kiharusi kimegusa sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha, mara nyingi upande wa kushoto, kwahiyo anajua anachotaka lakini neno halimjii au linakuja lingine. Anataka chai anasema chumvi, alafu unaona anakunja uso maana amejisikia mwenyewe kwamba sio hilo. Na usishangae akishindwa kutaja jina lako ila wimbo wa zamani akauimba mpaka mwisho, hiyo inawatokea wengi, hajifanyi. Shida hii ya maneno hospitali wanaiita afasia. Mtaani we sema tu "mama anapata shida kuongea tangu apate kiharusi", inatosha kabisa.

Neno lingine linalonikera ni kigugumizi, yaani kila siku magazeti yanaandika "serikali yapata kigugumizi" wakimaanisha imesita au imeogopa. Mwenye kigugumizi hajasita, neno analijua na msimamo anao, sauti ndo inakwama. Kama serikali imesita si waandike imesita!

Ila kiziwi msilikimbie. Kuna watu wanaliona tusi, wakati viziwi wenyewe chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Tatizo ni kuwaita mabubu, watu wana lugha yao kamili ya alama, na kwa jirani zetu Kenya katiba ya 2010 imeiweka lugha ya ishara kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Na tafadhali, ni "kiziwi amefika", sio "kimefika", huyo ni mtu.

Kwa hao majirani, wakija waambie waongee na mama mwenyewe, sio wakuulize wewe "anasemaje?" na yeye amekaa hapohapo, wakimuuliza kitu wasubiri, wasimmalizie sentensi.