Maswali ya Wasomaji: Adui Aliyevaa Sare Yetu

Kwenye tamthilia za Kimarekani za Vita vya Pili vya Dunia hakikosi kipindi ambacho Wajerumani wamevaa sare za Wamarekani na kujichanganya kikosini. Ni mambo yaliyotokea, au ni ufundi wa waandishi tu? Msomaji, Morogoro

Yalitokea, na vipindi vingi vya namna hiyo vinateka maji kisima kimoja: Operesheni Greif ya Desemba 1944, katika misitu ya Ardennes nchini Ubelgiji. Oktoba mwaka ule Hitler alimwita Otto Skorzeny, ofisa wa SS (jeshi la chama cha Nazi), akamwagiza aunde kikosi chenye sare na magari ya Kimarekani. Wakati mashambulizi makubwa ya Wajerumani yanapamba moto, kikosi hicho kipenye katikati ya vurugu na kuteka walau madaraja mawili ya mto Meuse, kati ya yale ya Amay, Huy na Andenne, kabla hayajalipuliwa. Kiliitwa Brigedi ya Vifaru ya 150, watu wapatao 2,500.

Kilichowashinda kwanza ni lugha. Amri ya kutafuta askari wanaojua Kiingereza ilisambazwa mpaka vikosi vya mstari wa mbele, na habari zake zikawafikia Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, kabla operesheni haijaanza. Wajitolea walipopimwa, kiasi cha 10 tu ndio waliokiongea kama wenyewe, na lugha ya mitaani wakiijua. Wengine 30 hadi 40 walikiongea vizuri bila lugha ya mitaani, 120 hadi 150 kwa kubahatisha, na kama 200 walikuwa na kile cha darasani. Waliobaki ni wa "yes" na "no". Kwa hiyo ukiona kwenye runinga kikosi kizima cha Wajerumani kinapiga soga kwa Kiingereza safi, hapo mwandishi amejipendelea.

Wale wenye ulimi mzuri waliwekwa kando chini ya Kapteni Stielau, nao ndio waliopenya kwa Jeep, makundi madogo madogo. Walikata nyaya za simu, wakageuza vibao vya njia, wakaelekeza misafara kusiko. Brigedi yenyewe haikuliona daraja hata moja. Tarehe 21 Desemba ilishambulia Malmedy kama kikosi cha kawaida, ikapigwa.

Naandika tamthilia fupi ya vita. Sitaki mpenyezi ajulikane kwa lafudhi, maana kila mtu ameshaitumia. Nitumie nini? Mwandishi chipukizi, Dar es Salaam

Umefanya vyema kuikwepa lafudhi. Jeshi la Marekani lilijaa wana wa wahamiaji, wakiwemo waliokulia nyumba za Kijerumani, kwa hiyo lafudhi peke yake haikuthibitisha kitu. Mpenyezi huponzwa na mazoea, mambo ambayo mwenyewe hayafikirii.

Anza na hesabu ya watu garini. Wajerumani walipakia wanne katika kila Jeep, kwa mantiki yao: dereva, kamanda, mkalimani na mtu wa mabomu au redio. Wamarekani, waliokuwa na magari tele, kwa kawaida walikwenda wawili au watatu. Mlinzi aliyechoka hawezi kukuambia kwa nini Jeep ile haimkai moyoni, lakini haimkai. Hiyo ni picha nzuri kwa kamera: wanne wamebanana, mabegani hakuna nafasi.

Halafu taa. Usiku wapenyezi walitumia taa zilizofunikwa, zenye mwanya mwembamba wa kupitisha mwanga, kama walivyozoea kwao. Halafu mafuta: inasimuliwa kwamba kundi moja liliingia kituo cha mafuta likaomba "petrol". Mmarekani huita "gas". Hao walisomeshwa Kiingereza cha London, na neno moja likawafichua.

Usisahau kwamba wapenyezi nao lazima watambuane, la sivyo watauawa na wenzao. Walikubaliana kuvaa skafu ya rangi ya waridi au buluu hafifu, na kuacha wazi kifungo cha pili cha shati. Magari ya brigedi yalichorwa pembetatu ndogo ya njano nyuma, na vifaru vikatakiwa kuelekeza mizinga upande wa saa tatu kushoto, yaani pale mshale wa saa unapoonyesha tisa kwa hesabu ya Wazungu. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi: alama ya kumlinda mpenyezi ndiyo itakayomwangusha, mara mateka mmoja akiisema.

Mavazi yana mitego yake. Shehena za sare walizoletewa zilichanganyika: nyingine za Kiingereza, nyingine makoti marefu ambayo askari wa mstari wa mbele hakuwa akivaa, nyingine zina alama za wafungwa wa vita. Shingoni, Mmarekani alivaa vibati viwili. Akifa kimoja hubaki na maiti, kingine huchukuliwa. Mjerumani alivaa kibati kimoja cha duara-yai chenye mstari wa matundu katikati, kinachovunjwa nusu. Viatu vyake vya kijeshi vilikuwa na misumari chini, vya Mmarekani vilikuwa na soli ya mpira. Kwenye sakafu ya kanisa la mawe, sauti ya hatua tu inatosha kufanya kazi ya ukurasa mzima wa mazungumzo.

Kifaru ukikikosa, usijali. Hata Skorzeny alikikosa. Sherman zinazotembea hazikupatikana za kutosha, ndipo vifaru vitano vya Panther vikafungwa mabati ya chuma ili vifanane na M10, gari la Wamarekani la kuwinda vifaru, kikaondolewa kile kibanda cha kamanda juu, vikapakwa kijani cha zeituni na nyota nyeupe. Skorzeny mwenyewe alikiri baadaye kwamba vingemdanganya kuruta mchanga tu, tena usiku, tena kwa mbali. Magurudumu ya Panther yanayopandana hayafichiki.

Kwa nini mlinzi aulize maswali ya michezo wakati kuna neno la siri? Msomaji, Nairobi

Neno la siri lilibadilishwa mara kwa mara. Aliyekuwa safarini huenda hajapata jipya, na aliyetekwa anaweza kulitoa. Ndiyo maana vizuizini waliuliza yale ambayo mtoto aliyekulia Marekani huyajua bila kufundishwa.

Udhaifu wake ni kwamba muulizaji naye anaweza kukosea. Jenerali Omar Bradley aliulizwa mji mkuu wa Illinois, akajibu Springfield, ambayo ni sahihi. Askari akashikilia kuwa ni Chicago. Akaulizwa tena jina la mume wa mwigizaji Betty Grable, likamshinda, na bado akaruhusiwa. Brigedia Jenerali Bruce Clarke hakubahatika hivyo: alisema timu ya besiboli ya Chicago Cubs iko Ligi ya Amerika, kumbe iko Ligi ya Taifa, akawekwa chini ya ulinzi na askari wa upande wake mwenyewe huku mapigano ya St. Vith yakiendelea. Hasara kubwa kuliko zote ambayo wapenyezi wachache walileta ni hiyo ya foleni na mashaka barabarani.

Waliokamatwa walipigwa risasi, lakini mkubwa wao akaachiwa. Haki gani hiyo? Msomaji, Mwanza

Watatu, Billing, Pernass na Schmidt, walikamatwa Aywaille tarehe 17 Desemba kwa kukosa neno la siri, wakahukumiwa kama majasusi na kuuawa Henri-Chapelle tarehe 23. Skorzeny alishtakiwa Dachau mwaka 1947. Kanuni za vita za The Hague za 1907 zilikataza matumizi "yasiyofaa" ya sare ya adui, na utetezi ukashika neno hilo: kuvaa ili kupenya ni jambo moja, kupigana ukiwa umeivaa ni jingine. Kilichomaliza kazi ni ushahidi wa Forest Yeo-Thomas, ofisa wa Uingereza, kwamba hata mawakala wao walivaa sare za Kijerumani. Skorzeny na wenzake wakaachiwa. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, imebana zaidi: inakataza sare ya adui wakati wa shambulio, na pia kwa kuficha au kusaidia operesheni za kijeshi.

Afrika je? Msomaji, Mombasa

Ipo. Katika vita vya Mau Mau Waingereza waliunda magenge bandia ya wapiganaji waliogeuzwa, na maofisa wazungu waliofuatana nayo walijipaka weusi. Agosti 1976 Selous Scouts, kikosi maalumu cha jeshi la Rhodesia (Zimbabwe ya leo), waliingia kambi ya Wazimbabwe ya Nyadzonya, Msumbiji, wakiwa na sare na magari yaliyopakwa rangi kama ya FRELIMO, chama tawala cha Msumbiji, wakaua mamia.

Ni kweli walitumwa kumuua Eisenhower? Msomaji, Arusha

Hapana. Uvumi huo ulitoka kambini mwa mafunzo, na Schmidt aliurudia alipohojiwa. Walinzi waliuamini, wakamfungia Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika Ulaya Magharibi, makao makuu Versailles, huku Luteni Kanali Baldwin Smith, aliyefanana naye, akizungushwa kwenye gari lake kama chambo. Hakuna aliyekuja kumpiga.