Shilingi ya Waziri ikirudishwa, mbunge amepata nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkulima wa alizeti mkoani Dodoma, na pamoja na wenzangu wanne tuna mashine ndogo ya kukamua mafuta. Wakati wa Bunge la Bajeti tulikusanyika kwa kinyozi mwenye televisheni ili tumsikilize mbunge wetu. Alisimama, akaeleza habari ya korongo linalokata barabara yetu kila mvua zinaponyesha, akasema atashika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate majibu. Tulishangilia. Haikupita nusu saa, akasema anairudisha shilingi, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena tulikuwa tumemwomba mwezi Juni apandishe ushuru wa mafuta ya kula yanayoingia kutoka nje, akatujibu kwamba jambo hilo halimalizwi na Bunge. Je, ametudanganya? – Mkulima, Dodoma.

JIBU: Ndugu Mkulima, kwa maelezo yako mbunge wenu hakuwadanganya, ingawa yapo mambo mawili ambayo mlistahili kuelezwa naye mapema.

Tuanze na shilingi. Hotuba ya Waziri ikishajadiliwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi ili kupitia makadirio kifungu kwa kifungu. Utakuwa umeona kwamba wakati huo Spika huitwa Mwenyekiti. Katibu anapofika kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge anaruhusiwa kusimama na kudai ufafanuzi wa jambo la kisera, na asiporidhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo; ndiko kushika shilingi. Wenzake wakimuunga mkono, hoja hujadiliwa kwa muda mfupi, Waziri hujibu, kisha mwenye hoja hurudisha shilingi, yaani huiondoa hoja yake, au hung'ang'ania mpaka ipigiwe kura.

Wengi huuliza kwa nini iwe shilingi moja, na kwa nini asiombe tu kuongezewa fedha za kuvusha korongo. Sababu imo katika Ibara ya 99 ya Katiba ya 1977. Ibara hiyo hailiruhusu Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi, wala la kuongeza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza na pendekezo lake liwe limewasilishwa na Waziri. Kupunguza kunaruhusiwa. Kwa hiyo mbunge wenu, hata angekuwa msemaji hodari kuliko wote ukumbini, hana njia ya kusimama peke yake na kuandika katika kitabu cha makadirio kwamba korongo lenu litengewe fedha. Anachoweza ni kutishia kupunguza, na kwa tishio hilo kumlazimisha Waziri atamke mbele ya Taifa kwamba Serikali itafanya nini na lini. Tamko hilo huingia katika Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard. Akiirudisha shilingi baada ya kupata ahadi yenye tarehe na jina la barabara, amefanya kazi. Akiirudisha kwa kuambiwa tu kwamba "Serikali imesikia na itaangalia", hapo mna haki ya kumuuliza alipata nini.

Nawashauri mwitafute siku ile katika Hansard, ambayo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, mkanakili maneno ya Waziri kama yalivyo. Mwaka unaofuata, kabla mbunge hajaenda bungeni, mwekeeni karatasi hiyo mezani. Nimesikia wananchi wengi wakikumbuka kwamba mbunge wao alishika shilingi. Wanaokumbuka Waziri alijibu nini ni wachache mno, na hilo linanisikitisha, kwa sababu jibu ndilo mali yenyewe.

Vilevile hakikisheni shilingi ilishikwa mahali pake. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini zipo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, katika wizara inayoshughulikia ujenzi. Shilingi ya Waziri wa Ujenzi haiwezi kuvusha korongo la barabara ya TARURA. TARURA nayo ina chanzo ambacho mbunge anaweza kukiulizia moja kwa moja: katika bajeti ya 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Ninyi mnaosafirisha alizeti kwa bodaboda na pikapu mnailipa kila mnapojaza tangi, basi mwulizeni ni kiasi gani kimerudi katika wilaya yenu.

Sasa jambo la kwanza ambalo mlipaswa kuelezwa: majadiliano ya fedha huanza muda mrefu kabla ya Juni. Mahitaji hutoka kijijini, yakapita katika kamati ya maendeleo ya kata, yakaingia katika Baraza la Madiwani, na mbunge ni mjumbe wa baraza hilo. Mnamo Novemba Serikali hupeleka bungeni mapendekezo ya mpango wa mwaka unaofuata. Kabla ya Mkutano wa Bajeti kuanza mwezi Aprili, kamati za kisekta hukaa hapa Dodoma na kila wizara, hesabu zikiwa mezani. Aliyewahi kufungua kitabu cha miradi ya maendeleo anajua kilivyo: namba ya kasma (yaani kifungu cha matumizi), jina la mradi, fedha za ndani, fedha za nje. Mradi usiokuwa na mstari wake humo haupati uhai kwa hotuba, hata mbunge akizungumza mpaka kengele ya pili ya kumaliza muda wake. Baada ya wizara zote kujadiliwa, Kamati ya Bajeti huketi na Serikali kuyapitia yale yaliyoonekana kuwa na uzito, na hapo Serikali yenyewe ikikubali, fedha huhamishwa. Mwaka 2013 wabunge walilalamika kwamba fedha za Wizara ya Maji ni kidogo mno. Mashauriano yakafanyika, Serikali ikaongeza. Wabunge walifanikiwa kwa kusimama wengi pamoja, tena wakiwa na takwimu za visima na vijiji. Mbunge mmoja mwenye korongo moja anahitaji wenzake wa Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Manyoni wenye makorongo kama hilo, na kazi ya kuwakusanya haionekani kwenye televisheni.

La pili ni ushuru wa mafuta. Ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004 na viwango vya pamoja, ambavyo tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kabla ya bajeti kusomwa, na nchi inayotaka kutoza tofauti na wenzake huomba ruhusa ya mwaka mmoja. Kwa hiyo siku ile ya Juni ambapo Waziri wa Fedha anasoma hotuba yake, suala la ushuru wa mafuta ya kula limekwisha kuamuliwa. Mbunge wenu alisema kweli, lakini kweli hiyo angewaambia mwezi Januari, wakati bado angeweza kwenda Hazina na wabunge wa Dodoma na Singida akiwa na hesabu zenu: gunia la alizeti mnalinunua kwa bei gani, linatoa mafuta kiasi gani, mashudu mnayauza wapi, na dumu la lita 20 linakaa dukani siku ngapi mafuta ya nje yakishuka bei. Hesabu hizo mnazo ninyi. Ziandikeni mapema, mzitie saini.

SWALI: Mimi ni wakala wa fedha za simu, Manyoni. Kwa nini sheria tunazisikia zikiwa zimeshaanza kutukata?

JIBU: Ndugu Wakala, bila shaka unaikumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Ilikuwamo katika Muswada wa Sheria ya Fedha uliopitishwa mwezi mmoja tu kabla, na kilio cha wananchi kikafika baada ya sheria kuanza kutumika. Septemba ya mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Muswada wa fedha hupita haraka kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hivyo nafasi ya kusikilizwa ni ya siku chache.

Miswada mingine ina nafasi pana zaidi. Huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati, nayo huwaita wadau watoe maoni. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022 na haukupitishwa hadi Novemba 2023. Kilichoukwamisha kwa kiasi kikubwa ni swali la nani atawalipia wasio na uwezo, na sheria ilipotoka ilikuwa imetaja vyanzo, miongoni mwao sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Mwaka mzima wa mashauriano uliwachosha waliokuwa wakiusubiri, lakini mimi naona ulikuwa mwaka uliotumika vizuri, kwa kuwa ahadi ya bima kwa maskini isiyo na chanzo cha fedha ingewaachia wenyewe deni mlangoni mwa hospitali. Maoni yako yanapokewa hata kwa barua kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Taja kifungu unachokipinga na uandike maneno unayotaka yawekwe mahali pake, maana kamati hubadilisha vifungu na barua ya malalamiko matupu huwapa wajumbe kazi ya kukisia.

SWALI: Mbunge akipiga kura ya Hapana kwenye bajeti kuu, inabadilisha nini? – Msomaji, Kondoa.

JIBU: Kura hiyo hupigwa kwa kuita majina, kila mbunge akatamka msimamo wake, na jina lake likabaki katika kumbukumbu. Ndivyo inavyopitishwa kila bajeti kuu, ikiwamo ile ya shilingi trilioni 56.49 ya 2025/26. Hapana moja haizuii kitu. Wengi wakikataa, Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge, na wabunge wote wakarudi majimboni kuomba kura upya. Kwa sababu hiyo mambo mazito humalizwa kwenye kamati kabla ya siku ile, na ukitaka kujua mbunge wako alisimama wapi, soma pia taarifa ya kamati yake.